Hogo la Kaka Athumani

Juzi nilikuwa Korogwe kwa arusi ya mtoto wa binamu yangu. Asubuhi, wakati wenyewe bado wanahangaika na maturubai, nilitoka mtaa wa Manundu nikatembea polepole kuelekea nje ya mji, na upepo ulipogeuka ukaniletea harufu ya mkonge uliokamuliwa. Aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa. Ni harufu ya majani yaliyooza, ya chachu, ya sabuni iliyoharibika, yote kwa pamoja. Nilisimama pale na khanga puani, mwanamke mzima mwenye wajukuu, machozi yakanitoka. Kijana mmoja wa bodaboda akadhani harufu imenishinda. "Pole bibi," akaniambia, "ukizoea huisikii." Nilipokuwa mtoto hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya kaka yangu.

Athumani alikuwa kifunguamimba wa mama, mimi kitindamimba. Katikati yetu mama alizika watoto ambao majina yao yalitajwa kwa nadra nyumbani, ndiyo maana tuliachana sana kwa umri. Nilipoanza kupata akili yeye tayari alikuwa na ndevu changa. Tuliishi Kwedizinga, lakini si pale penye kijiji sasa. Kwetu kulikuwa juu, kilimani, nyumba za ukoo zimetapakaa katikati ya mahindi na mihogo, na kila mzee ana makaburi ya watu wake nyuma ya nyumba. Mpira kaka alijifunzia machungani, mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za mgomba. Wenzake wote walitaka kufunga. Yeye alitaka tu mtu asipite. Mama alisema hata utotoni ukimpa kazi ya kulinda mahindi yasiliwe na nyani, hakai chini mpaka jua lizame.

Siku moja akaja nyumbani mzee mfupi, amevaa kofia ya jua, akajitambulisha kuwa anaitwa Hoza, kocha wa timu ya shamba moja la mkonge upande wa Korogwe. Alikuwa amemwona Athumani akicheza Segera, kwenye uwanja ule wa vumbi karibu na njia panda, na alikuja kumwomba kwa baba.

"Shamba litamwajiri, mzee," alisema. "Tunataka beki."

Baba alikuwa anachonga mpini. Hakuinua macho. "Kwani siku hizi mkonge unakatwa kwa miguu?"

"Hatakata mkonge. Atafagia ghala la marobota ya katani asubuhi, atapata mshahara na posho na pa kulala. Kazi yake hasa ni jioni, uwanjani."

"Mtu mzima kukimbiza ngozi ya ng'ombe," baba akasema, akaendelea kuchonga. Lakini hakukataa, na kwa baba kutokataa kulikuwa ndiyo ruhusa yenyewe. Athumani aliondoka na kocha siku hiyo hiyo, amebeba shuka na viatu vya kanda mkononi asivichakaze njiani.

Baada ya hapo watu wakimwuliza mama habari za mwanawe, alijibu kwa fahari, "Yupo Korogwe, anachezea mkonge." Nilielewa hivyo hivyo kama ilivyosemwa. Nikamwona kichwani mwangu kaka yangu akiupiga mkonge mateke, mche mmoja baada ya mwingine, mistari hadi mwisho wa macho, na nikamwonea huruma kwa sababu najua miiba yake. Alipokuja likizo, amejaa ile harufu hadi kwenye nywele, nilimkagua miguu. Kweli ilikuwa na makovu, tangu magotini hadi kwenye vifundo. Nikaridhika kwamba nimeelewa sawasawa.

Baba alishikilia yale maneno ya ngozi ya ng'ombe mpaka siku tuliyokwenda kumtazama. Sijui nini kilimbadilisha. Nadhani alichoka kusikia habari za mwanawe kutoka kwa watu wengine. Tulipata lori la mbao hadi Segera, tukangoja pale kati ya wauza machungwa, tukapata jingine hadi Korogwe, na mchana tulikuwa ukingoni mwa uwanja, mimi mabegani kwa baba kwa sababu ya wingi wa watu. Timu ya mkonge ilikuwa inacheza na timu iliyotoka Tanga mjini, yenye mshambuliaji aliyesifika hadi redioni. Watu walimwita Umeme.

Yule Umeme kweli alikuwa na mbio. Lakini kila alipopokea mpira alimkuta kaka yangu amesimama mbele yake, hana haraka, mikono ameiachia, anamtazama tumboni wala si miguuni. Umeme akienda kulia, yupo. Akirudi kushoto, yupo. Mpira ukirushwa juu, kile kichwa kirefu kimeshafika. Watu walianza kuliimba jina lake, "Athumaniii," kwa sauti ya kuvuta, na nilihisi mabega ya baba yamekakamaa chini ya mapaja yangu. Mechi ikaisha bila bao. Mimi nilikuwa karibu kulia.

"Baba, mbona kaka hakufanya kitu?"

"Ndiyo kazi yake," baba akasema taratibu, kama mtu anayeelewa jambo wakati uleule anapolisema. "Kisifanyike kitu."

Tulipopita dukani Manundu kumnunulia mama khanga, baba, mtu asiyependa maneno, alimwambia Mhindi mwenye duka, "Mimi ndiye babake yule beki." Mhindi akatoka nyuma ya meza yake. "Beki? Beki Athumani? Karibu, karibu mzee," akamvutia kiti na kumwagizia chai. Baba alikunywa chai ile amenyooka mgongo kama yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Sikuwahi kumwona tena akikaa vile mpaka anaingia kaburini.

Jioni ile Athumani alitusindikiza stendi. Akatuambia kwamba kulikuwa na mtu kutoka Dar es Salaam uwanjani, kijana wa suruali ya bugaluu, katumwa na timu kubwa ya huko. Alikuwa amezungumza na kocha Hoza. Mwisho wa mwezi Athumani aende akajaribiwe. Akifaa, watamtafutia kazi kwenye shirika moja la umma na atavaa jezi yao. Aliyasema hayo yote huku anatazama chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Baba alimwuliza swali moja tu.

"Na huko nako utafagia?"

"Huko sijui, baba."

"Nenda," baba akasema.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka ulivyokuwa wakati ule. Kabla mwezi haujaisha ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Katibu wa tawi alizunguka kilimani na mgambo wake, mwenye kusikia asikie: lori litapita, kila mtu awe ameshabomoa nyumba yake, chini barabarani kumepimwa viwanja, kutakuwa na shule, zahanati na bomba la maji. Sitaki kusema yote yalikuwa uongo, maana shule ilikuja kujengwa na mimi nilisoma hapo. Lakini baba alisema hawezi kuyaacha makaburi. Katibu, ambaye alikuwa kijana wa mtaa wa pili na aliyekula kwetu utoto wake wote, alimjibu bila kumtazama, "Shikamoo mzee wangu. Mimi nimetumwa. Usiponisikia mimi watakuja wasiokujua."

Habari zilipomfikia Athumani, akaenda kuomba ruhusa. Kocha Hoza alimsihi asiende. Alimwambia Dar es Salaam wanamngoja, wazee watahamishwa na serikali. Athumani akasema, "Siwezi kwenda kuvaa jezi wakati baba anabomoa nyumba peke yake." Kocha akampa siku chache tu, akamwambia autazame mguu wake kama yai. Maneno hayo kaka alituhadithia mwenyewe, akicheka, akiwa juu ya paa letu anang'oa makuti.

Nyumba ilibomolewa asubuhi moja. Sikujua nyumba huisha upesi hivyo. Udongo wa kuta ulianguka kwa vipande vyenye alama za vidole vya mama, na ndani, mahali penye giza siku zote, pakawa na jua tupu. Kilichobaki kimesimama ni nguzo ya kati, gogo jeusi ambalo babu alilikata mwenyewe. Athumani alisema iachwe, ni nzito, kijijini zitapatikana nyingine. Baba akasema haondoki bila hiyo nguzo. Kama makaburi hayabebeki, basi nguzo itabebwa. Wakaing'oa wote wawili pamoja na majirani, wakaipakia juu kabisa kwenye lori, juu ya magunia, vitanda na matenga ya kuku ya watu wengine.

Chini ya kilima kuna korongo lenye mchanga. Lori lilipofika pale likazama. Wanaume wakashuka kusukuma, nasi watoto tukapanda ukingoni kutazama kwa sababu kwetu ilikuwa burudani. Dereva alikanyaga mafuta, moshi ukajaa, lori likaruka mbele kidogo kisha likarudi nyuma kwa kishindo. Kamba zikakatika. Niliiona nguzo ikitoka juu, polepole kabisa, kana kwamba inateremshwa na watu. Chini yake alikuwapo mzee mmoja wa jirani, haoni vizuri, anasukuma huku ameinamisha kichwa. Athumani alimsukuma kifuani. Mzee akaanguka kwenye mchanga, salama. Nguzo ikatua kwenye mguu wa kulia wa kaka yangu.

Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni baba.

Walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi barabara kuu na kupata gari la kumpeleka hospitali Korogwe. Nguzo ikaachwa korongoni. Kwa muda mrefu tukishuka kuteka maji tuliiona pale imelala, na baba alikuwa anazunguka mbali asipite karibu nayo. Mwishowe watu wakaipasua wakafanya kuni.

Athumani alirudi tumeshahamia. Nyumba yetu mpya ilikuwa katika mstari wa nyumba zinazofanana, hakuna mti hata mmoja, jua linaingia kila mahali bila kubisha hodi. Alishushwa kutoka kwenye gari, mguu umefungwa kitu kikubwa cheupe kuanzia kwenye paja mpaka vidoleni. "Kafungwa hogo," mama aliwaambia waliokuja kumpa pole. Hogo! Mimi nilikuwa mtoto wa mkulima, ningeelewaje vingine? Nililitazama lile dude, refu, nene, jeupe, lina umbo la muhogo kweli, nikaelewa kwamba huko ndani mguu wa kaka umepandwa, unanenepa taratibu, na siku ya kufunguliwa utatoka mkubwa kuliko ule wa zamani. Mama aliponikanya nisije nikalimwagia maji, nikaona ni sawa kabisa. Muhogo hauhitaji mvua nyingi.

Kila asubuhi rimu la gari liligongwa, watu wakaenda shamba la ujamaa, mimi nikabaki kumtazama mgonjwa. Alikaa mlangoni kwenye kigoda, mguu ameunyoosha juu ya kinu kilicholazwa. Siku moja nikamwuliza:

"Kaka, hogo lako litavunwa lini?"

Akanitazama. Kisha akaelewa, akacheka, kicheko cha kwanza tangu korongoni, akacheka mpaka akashika ubavu. "Likikomaa, Mwanaidi," akasema. "Likikomaa tutalivuna."

"Litakuwa kubwa?"

"Kubwa sana. Utashindwa kulibeba."

Tangu hapo ukawa mchezo wetu. Nilikuja kuligonga kwa kidole, nikaweka sikio, nikamwambia bado, yeye akaitikia, bado. Nadhani kidogo kidogo na yeye alianza kuuamini. Alimwomba baba amchongee fimbo ya kuanza kutembelea, akawa anauhesabu msimu, anasema ligi haijaisha, labda watamngoja. Ilipofika siku ya kwenda kufunguliwa, aling'ang'ania nami nichukuliwe. "Mwanaidi aje aone mavuno," alimwambia mama.

Pale hospitali tulingoja kwenye benchi la baraza. Mganga, mtu mpole, alianza kulikata hogo kwa mkasi mkubwa, vumbi jeupe likapanda, nikasogea karibu ili niwe wa kwanza kuona. Lilipopasuka likafunguka kama ganda. Ndani hapakuwa na kitu. Yaani palikuwa na mguu, lakini mguu gani ule: mwembamba kama wa mtoto, ngozi inabanduka magamba, umepinda chini ya goti kama tawi, na goti lenyewe limekakamaa halikunjiki. Nilichungulia ndani ya lile ganda nikitafuta uliobaki.

"Mbona hakuna kitu?" nikauliza.

Baba alitoka nje. Mganga akasema atatembea, Mungu akipenda, na fimbo ataiacha baadaye. Athumani akauliza kuhusu kukimbia. Mganga akaendelea kukusanya vipande vya plasta sakafuni, akavikusanya vyote, na alipomaliza alimwambia kwa sauti ya chini, "Kijana, mshukuru Mungu haukukatwa."

Tulipita shambani kuchukua vitu vyake. Kocha Hoza alitupokea vizuri, akatununulia soda, akarudia mara nyingi kwamba kazi haijaenda popote, mguu ukipata nguvu aje. Lakini kwenye kitanda cha kaka palikuwa na shati la mtu mwingine. Alikuwa kijana anayeitwa Rashidi, mrefu pia, ana heshima nyingi. Ndiye aliyemfungia Athumani mzigo. Tulipokuwa tunaondoka akamfuata nje.

"Kaka, samahani. Yule Umeme, ulikuwa unamzuiaje?"

Nilidhani Athumani atakasirika. Badala yake alimpa baba mzigo, akajishikilia kwenye fimbo, akamwonyesha. "Usimtazame miguu. Miguu inadanganya. Tazama hapa," akamgusa tumboni. "Hapa hapadanganyi. Na usiende wewe, mwache aje yeye." Rashidi akajaribu. Athumani akamsahihisha bega, akamwambia ashushe mikono, wakaendelea vile juani, mmoja na miguu miwili na mwingine na fimbo, hadi baba akasema gari litatuacha.

Kaka yangu hakurudi kule kufagia. Aliishi miaka mingi, alioa, alizaa, alilima kwa kujikokota hadi uzeeni, na mwaka jana tumemzika. Hakuwahi kukanyaga uwanja wowote, hata wa shule. Watoto wake mwenyewe walijua tu kwamba baba yao aliangukiwa na mti wakati wa kuhama.

Wale wa timu ya Dar es Salaam walikuja mara moja, mimi ningali mtoto. Ilikuwa baada ya mavuno, watu wote wako shamba la ujamaa, mimi na yeye tuko mlangoni tunapukuchua mahindi. Gari dogo likatoka barabarani likasimama mbele ya nyumba yetu kwa sababu ilikuwa ya kwanza. Wakashuka wanaume wawili wageni, dereva na mtu mnene aliyevaa kofia nyeupe ya kufuma. Hakuwemo yule wa bugaluu.

"Salamu alaikum. Hapa ndipo Kwedizinga?"

"Alaikum salamu. Ndipo."

"Tunamtafuta kijana mmoja, Athumani, beki wa mkonge. Alitakiwa kuja kwetu Dar es Salaam, hakutokea. Tumeandika, hatujibiwi. Tunasikia mkonge wanamficha huku kwao." Alijifuta jasho, akatabasamu. "Mimi mwenyewe sijamwona, lakini mwenzetu aliyemwona hana usingizi. Anasema hakuna beki kama yule mkoa mzima."

Nilishaanza kuinuka, nimejaa furaha, mdomo umeshafunguka, wakati mkono wa kaka ulipotua begani kwangu na kunirudisha chini. Mguu wake ulikuwa umefunikwa na gunia la magunzi. Kwa aliyesimama pale, alikuwa mkulima tu anapukuchua mahindi.

"Athumani alihama," akasema. "Alikuwa huku, lakini aliondoka zamani."

"Wapi?"

"Hakuaga."

Mtu mnene akapiga ulimi kwa masikitiko, akageuka kumtazama dereva wake.

"Lakini pale shambani yupo mwingine," Athumani akasema. "Anaitwa Rashidi. Mwulizeni kocha Hoza. Mwenye macho atamwona."

"Ni mzuri?"

"Atakuwa mzuri."

Wakamshukuru, wakapanda gari. Niliwatazama mpaka wakaingia barabarani na kushika njia ya Segera. Nikamgeukia kaka nikitaka kumwuliza, lakini alikuwa ameshaokota hindi jingine, anapukuchua kwa nguvu, punje zinaruka nje ya ungo na yeye haoni.

Mama alirudi kutoka shamba, jembe begani, akakuta alama za magurudumu mlangoni. "Nani hao walikuja?"

"Wapita njia," Athumani akasema. "Walikuwa wamepotea."

Mama akatazama barabarani, kisha akatutazama sisi. "Na hata maji hamkuwapa?"

"Hawakukaa, mama."